Mkono wa Kushoto na TV Mpya

Dereva aliizunguka TV mpya mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akainama, akachungulia nyuma yake, akapapasa kwa mkono wa kulia, ule mzima. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika nyaya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, na vidole vyake vilikuwa vimezing'ang'ania kama vya mtoto aliyekataa kurudisha pipi.

"Mama watoto! Matundu yake yako wapi?"

Mama Cherehani alikuwa palepale sebuleni, kwenye cherehani yake, na sare kumi na sita za shule zilimsubiri azimalizie mikono. Akajifanya hajasikia. Kwenye kutosikia alikuwa bingwa. Ndoa ya miaka ishirini na minne inamfundisha mtu kazi nyingi ambazo hakuziomba.

"Nimesema matundu!"

"Ya nini tena?"

"Ya hizi waya za gemu. Hapa naona vitundu bapa bapa tu. Tundu la njano hakuna. Jekundu hakuna. Huyu mtoto kauziwa TV au kauziwa ubao?"

"Labda yamefichwa ndani."

"Ndani wapi? Kitu kina unene wa daftari, ndani yake kuna nini?" Akanyanyuka, akashika kiuno. Kisha akauliza swali ambalo Mama Cherehani alikuwa analikwepa tangu saa nne asubuhi. "Na ile yangu iko wapi?"

"Imeenda."

"Imeenda? TV inaenda?"

"Imechukuliwa na gari la duka. Ukiwapa ya zamani wanakupunguzia kwenye mpya. Muulize mwanao."

Mwana mwenyewe, binti yao mkubwa, alikuwa karani kwenye ofisi moja ya bima. Juzi tu alipandishwa cheo, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuwanunulia wazazi TV bapa ya kung'aa, inayoonyesha mpaka chunusi za msoma habari. Alikuja na wabebaji wawili wakati Dereva yuko hospitali kwa mazoezi. Alimuuliza mama yake mara moja tu: "Tuichukue hii ya mgongo, Mama?" Na Mama Cherehani, Mungu amsamehe, alikuwa na miaka miwili akiikodolea macho ile kona kwa ajili ya mashine ya pili ya kushonea. Hata hakuacha swali liishe. "Chukueni," alisema, "chukueni na mende wake."

Sasa kona ilikuwa safi. Na Dereva alikuwa amesimama katikati ya sebule na nyaya zake kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Usicheke kwanza. Mzee wa miaka hamsini na moja, mwenye tumbo na mvi za ndevu, kulilia gemu ni kichekesho, na Mama Cherehani mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka miezi mitano iliyopita. Lakini mambo yalikuwa hivi. Kiharusi kilimpiga Dereva upande wa kushoto. Mguu ukarudi, mdomo ukanyooka, mkono ukagoma. Na kwenye trela la kampuni yao, gia zinaingizwa kwa mkono wa kushoto. Dada wa mazoezi alimpa kimpira cha kubinya. Akakibinya siku mbili, siku ya tatu akakitumia kuzuia mlango usijibamize. "Mimi si ndama wa kuchezea mpira," alisema.

Ndipo akaikuta mashine ya gemu ya kijana wao wa mwisho, aliyeondoka kwenda kutafuta maisha. Ni mashine ya kizamani, nyeusi, kifuniko chake kimefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi kisifunguke. Ndani yake kulikuwa na gemu moja tu linalosoma, la mbio za magari. Kwenye pedi, kidole gumba cha kushoto ndicho kinachokata kona. Kidole kilekile kilichokufa.

Siku ya kwanza gari lake lilizunguka uwanja mzima likikwaruza ukuta. Dakika nne na sekunde hamsini na moja. Akachukua chaki ya kushonea ya mkewe, akaandika kwenye mlango wa kabati: 4:51. Kesho yake 4:30. Akawa anakaa pale kila siku baada ya chai, jasho linamtoka, ulimi nje, anatukana magari ya wenzake ambayo hayakuwa na watu ndani. Wiki zikapita. 3:40. 2:55. 2:20. Dada wa mazoezi akakishika kile kidole, akakipinda, akamwangalia usoni: "Baba, huko nyumbani unafanya nini?" Akajibu: "Naendesha." Jumatano iliyopita aliandika 2:09 na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Na Ijumaa inayokuja, saa tatu asubuhi, alikuwa anatakiwa yadi ya kampuni kupimwa mkono kwenye ubao wa taa. Akifaulu, kazi yake. Akishindwa, barua ya shukrani na kofia yenye nembo ya kampuni.

"Siku sita," Dereva alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, jambo lililomtisha mkewe zaidi. "Siku sita, Mama watoto, umeniuzia mkono wangu."

Mama Cherehani alikanyaga pedali. Akashona mkono wa sare moja ukiwa nje ndani.

* * *

Jumatatu alikwenda mwenyewe dukani, nyaya tatu ziko kwenye pochi, zimezungushiwa leso. Ile TV ya mgongo ilikuwa imeshapelekwa kwenye vyuma chakavu. Hilo aliambiwa kwanza, kabla hata hajasema hujambo. Muuzaji alikuwa kijana wa tai, mwembamba, nywele zimepakwa mafuta mpaka inzi hawezi kusimama.

"Ya njano, nyekundu, nyeupe," kijana alisoma zile rangi kama anasoma bendera ya nchi asiyoijua. "Mama, hii mashine mngeipeleka makumbusho."

"Nitaipeleka ikifa. Leo ni nzima. Nataka iongee na TV uliyomuuzia mwanangu."

"Kuna kiboksi." Akamletea kiboksi cheupe, kidogo kama kiberiti. "Upande mmoja unachomeka hizi rangi zako, upande wa pili unachomeka waya bapa wa HDMI, basi, starehe."

Bei yake ilikuwa sawa na sare mbili za shule, pamoja na vifungo. Mama Cherehani akalipa. Hakuomba hata kupunguziwa, ujue alikuwa na hatia kiasi gani.

Nyumbani, yeye na Dereva wakachomeka. Njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu. TV ikasema haina mawimbi. Wakachomoa, wakachomeka. Haina mawimbi. Dereva akapuliza matundu. Haina mawimbi. Akaigonga mgongoni kama alivyokuwa akiigonga ile ya zamani, na TV ikayumba kama mlevi, Mama Cherehani akairukia na kuikumbatia.

"Hii haipigwi! Hii ukiipiga unapiga mshahara wa mwanao!"

Jumanne wakamwita Injinia. Injinia hakuwahi kusomea uinjinia. Alikuwa anatengeneza simu na redio kwenye kibanda cha mabati pembeni ya kinyozi, na hilo jina alijipa mwenyewe kwa kuliandika ukutani. Aliingia, akasema shikamoo mara mbili, akakiangalia kiboksi sekunde moja, akaanza kucheka kwa kujishika magoti.

"Sema tucheke wote," alisema Mama Cherehani.

"Mama, hiki ni cha kurudi."

"Cha kurudi wapi?"

"Vipo vya aina mbili, sura moja kama mapacha. Kimoja kinachukua picha ya zamani kinaileta kwenye TV mpya. Kingine kinachukua picha mpya kinaipeleka kwenye TV ya zamani. Umeuziwa hiki cha pili. Picha inaingilia mlango huu tu, ukiileta mlango wa kutokea, inakuta ukuta."

Dereva akacheka pia, lakini kicheko chake kilikatikia njiani. "Hata kiboksi kimepooza upande mmoja," akasema.

* * *

"Kilichofunguliwa hakirudishwi," alisema kijana wa tai, na akanyoosha kidole kwenye kibao ukutani ili kibao kimsaidie. Ilikuwa Jumanne hiyohiyo, mchana.

"Wewe ndiye uliyenipa kisicho chenyewe."

"Mama ulisema kiboksi. Nikakupa kiboksi."

"Nilikuonyesha nyaya!"

"Mama, kuna wateja nyuma yako."

Kweli walikuwepo, watatu, wanamtazama vile watu wanavyomtazama mtu anayechelewesha foleni: bila huruma lakini kwa hamu. Mama Cherehani akahisi shingo yake imepata moto. Angeondoka. Kwa jinsi alivyojijua mwenyewe, angeondoka na kwenda kulia nyuma ya duka. Lakini kijana akageuka kupanga kitu kwenye rafu ya juu, akainua mikono, na jicho la fundi likaona la kuona.

Akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Mwanangu. Mshono wako wa nyuma umeachia."

"Nini?"

"Suruali. Kuanzia kwenye mkanda mpaka huko chini. Tangu asubuhi unawahudumia watu na chupi ya bluu. Ina nyota."

Kijana akagandamiza makalio kwenye rafu kama aliyepigwa risasi. Uso ukabadilika, tai ikabadilika, hata mafuta ya nywele yalionekana kukauka. "Mama... nani mwingine ameona?"

"Kwa kweli sijui, wewe ndiye umekaa nao humu. Mimi ni fundi." Akagusa ukosi wa gauni lake, mahali zilipochomekwa sindano mbili, moja ina uzi mweusi tayari. "Dakika tano. Lakini mikono yangu inatetemeka nikiwa na kiboksi cha kurudi kwenye pochi."

Wateja walisubiri. Nyuma ya pazia la stoo, kijana alisimama ndani ya boksi la TV ya inchi hamsini, ameshika pembe zake kifuani kama taulo, huku Mama Cherehani amekalia ndoo anashona haraka, mishono midogo, ya kurudia. Huruma yake ilikuwa na bei, lakini alimshonea vizuri kuliko kiwanda.

"Unashona kwa ajili ya gemu, Mama?" kijana aliuliza kutoka ndani ya boksi. "Mjukuu?"

"Mume."

Kijana hakucheka. Alikuwa na adabu, kumbe, ila haikuwa inaonekana akiwa amevaa suruali.

* * *

Jumatano asubuhi Injinia alichomeka. Kiboksi kipya alichobadilishiwa dukani kikawaka nukta nyekundu, TV ikakohoa giza, halafu picha ikaja: uwanja, mbingu, magari. Magari yalikuwa yamevutwa pembeni yakawa mapana, kila moja kama limekaliwa na tembo, na rangi zilikuwa na ukungu kidogo. Lakini yalikuwepo. Dereva alipiga kofi moja, kwa sababu mkono wa pili ulichelewa kufika, akacheka, akaketi kwenye kiti chake. Mama Cherehani akampa Injinia pesa yake na chai, akarudi kwenye sare na moyo mweupe.

Kona ya kwanza: ukuta.

"Nimepoteza mazoea," alisema Dereva.

Kona ya pili ukuta. Kona ya tatu aliipita, akaenda kugonga ukuta wa upande wa pili. Akaanza upya. Mama Cherehani hakuinua kichwa, lakini masikio yake yalikuwa yanahesabu vishindo. Zamani, mwezi mzima, alikuwa anasikia injini tu na matusi. Sasa anasikia mabati.

Dereva aliandika mwenyewe kwenye mlango wa kabati: 2:58. Akasimama akiitazama hiyo namba, chini ya ile 2:09 yenye mistari miwili. Mchana akajaribu tena. 2:54. Akakipinda kidole gumba, akakipuliza, akakipaka dawa ya misuli mpaka sebule nzima ikanuka mafua. 3:01.

"Inategemea na siku," alisema mkewe.

"Siku tatu tu nimepumzika. Tatu! Mkono umekwenda, Mama watoto. Umerudi ulikotoka."

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme ninavyoona? Nakiambia kata, kinakata gari likiwa limeshafika ukutani. Kinasikia, kinakaa, kinafikiria, ndipo kinakata. Nikiwa na tani thelathini nyuma yangu nitamwambia nani asubiri, mtoto anayevuka barabara?"

Hakula vizuri. Na Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mama Cherehani akiwa uani anaanika, alimsikia kupitia dirishani akiongea na simu kwa ile sauti ya kiofisi aliyoitumia kwa wakubwa tu.

"Shikamoo bosi. ... Ndiyo, ni mimi. ... Nilikuwa nasema kuhusu kesho, msijisumbue kuandaa. ... Hapana, mkono bado. ... Mkono umekataa, bosi. Mpeni mwingine trela. ... Asante. Na nyie pia."

Mama Cherehani alibaki ameshika shuka lenye maji, maji yanamtiririkia mpaka kwenye kwapa. Alimjua huyu mtu. Aliwahi kumwona akibishana na askari wa barabarani, na mkwe wake, na nyoka. Hakuwahi kumsikia akisema asante kwa kupoteza.

* * *

Dereva alipokwenda kulala, saa tano za mchana kweupe, mkewe alikaa kwenye kiti chake cha kushonea na hakushona. Akaitazama TV. Gemu lilikuwa limeachwa linawaka, gari limesimama kwenye mstari, linasubiri.

"Mshenzi wewe," akaiambia TV. Hakujua anamtukana nani hasa, TV, binti, au yule mwanamke aliyesema chukueni na mende wake.

Akachukua pedi. Maisha yake yote hajawahi kuishika. Ilikuwa na joto na inanata dawa ya misuli. Akabonyeza kitufe ambacho mumewe alikuwa akikibonyeza kwa nguvu zaidi. Kitufe kikalia ta. Gari likanguruma.

Akaachia. Akabonyeza tena. Ta. Kisha ngurumo.

Kuna kitu kilimkera, kama uzi uliokaa vibaya chini ya kitambaa, hauonekani ila mkono unajua. Mtu aliyekanyaga pedali ya cherehani kwa miaka thelathini ana saa ndani ya kisigino. Ukikanyaga, sindano inashuka. Haishuki kidogo baadaye. Inashuka. Cherehani inayochelewa hata robo ya kupepesa kope itakushona kidole.

Akaisogeza pedi mapajani, akaweka mguu kwenye pedali ya cherehani, akavuta pumzi. Moja, mbili, tatu: akakanyaga na kubonyeza kwa pamoja. Sindano ikagonga. Halafu gari likaondoka.

Akarudia. Sindano, halafu gari. Akarudia mara saba, na mara zote saba gari lilikuwa la pili.

"BABA WATOTO!"

Dereva alitoka chumbani na shuka kiunoni akidhani nyumba inaungua.

"Kaa hapo. Shika hiyo."

"Sitaki tena hayo mambo, nimeshasema..."

"Nani kakuuliza unachotaka? Shika. Mkono wako mgonjwa. Mimi nasema haya, wewe unakata kushoto. Tayari? Haya!"

Akakata. Mama Cherehani hakuitazama TV kabisa, alikuwa amekikodolea macho kile kidole gumba, pua yake karibu inakigusa. Kidole kilibonyeza palepale, neno halijamtoka vizuri mdomoni. Kisha, kwa wakati wake, gari likageuka.

"Umeona?"

"Nimeona nilivyochelewa."

"Sasa geuza pedi. Tumia mkono wa kulia. Ule mzima, ulioigonga TV."

"Wa nini?"

"Geuza! Haya!"

Dereva akaipindua pedi, akabonyeza kwa kidole gumba cha kulia. Gari likakaa, likafikiria, likakata.

"Tena. Haya!"

Likafikiria, likakata.

Mama Cherehani akanyooka, mikono kiunoni. "Kwa hiyo na huo nao umepigwa kiharusi?"

Dereva aliutazama mkono wa kulia. Akautazama wa kushoto. Akaitazama TV, na polepole uso wake ukapata sura ya mtu aliyegundua kwamba kwa siku mbili alikuwa anaomba radhi kwa kosa la jirani.

"Mwanaharamu huyu," akasema kwa heshima kabisa. "Yeye ndiye anachelewa."

* * *

"Ah, hiyo ni kawaida," alisema Injinia, aliyevutwa kutoka kibandani na bisibisi bado mkononi. "TV hizi za kisasa zinapewa picha ya zamani, zinaiona chafu. Basi zinaiosha kwanza, zinaipiga pasi, ndipo zinakuonyesha. Na kiboksi nacho kina foleni yake."

"Ulijua?" aliuliza Mama Cherehani.

"Najua, ndiyo kazi yangu."

"Ulijua, na ukanywa chai yangu, ukaondoka."

"Mama, hamkuniuliza kama inachelewa, mliniuliza kama inaonyesha."

Mama Cherehani aliangalia mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Injinia naye aliuona akiuangalia. Akachukua rimoti haraka, akaingia kwenye menyu, akashuka mpaka kwenye mambo ya picha, akakuta neno la gemu, akaliwasha. Magari yakapungua unene. Dereva akajaribu. Kona ya kwanza, hewa. Ya pili, hewa. Aligusa ukuta mara moja tu, na hapo ni kwa sababu alikuwa anamtukana mtu. 2:17.

"Bado kidogo inasuasua," alisema Injinia. "Hiyo iliyobaki haitoki, ni ya kiboksi."

"Iache," alisema Dereva. "Nimeshajua ni ya nani."

Akachukua simu, akapiga yadi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya nne ikapokelewa na mlinzi, aliyemwambia bosi hayupo, na kwamba jina lake limeshafutwa kwenye ubao wa kesho. Kwa kitambaa chenye maji, akaongeza, kwa hiyo halionekani kabisa.

"Tunakwenda hivyohivyo," alisema Mama Cherehani.

"Tunakwenda? Wewe na nani?"

"Mimi ndiye niliyeiuza TV."

* * *

Msimamizi wa yadi alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Ijumaa saa tatu kamili aliwakuta wawili hao wamekaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake, mume amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake, mke na pochi mapajani.

"Si ulinipigia mwenyewe? Si ulisema mkono umekataa?"

"Nilikosea, bosi. Ilikuwa TV."

"Ilikuwa nini?"

Dereva akaanza kueleza kuhusu picha inayooshwa na kupigwa pasi, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyusi za msimamizi zilivyopanda. Madereva wawili waliokuwa wanakunywa chai karibu na tairi wakaacha kunywa. "Mzee anacheza gemu," mmoja akanong'ona, kwa ile minong'ono ya kusikika mpaka getini. "Kumbe hayo ndiyo mapumziko ya ugonjwa!" Wakacheka. Dereva akakatikia katikati ya sentensi, masikio yamemwiva.

"Bosi," alisema Mama Cherehani, "una ule ubao wa taa au huna?"

"Ninao."

"Basi mpime mkono. Mdomo wake utampima siku nyingine."

Ubao ulikuwa na taa kumi na mbili, sita kila upande, na kitufe chini ya kila taa. Ikiwaka, bonyeza kabla haijazima. Msimamizi akawasha. Dereva alibonyeza kwa kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Hakuna aliyecheka tena. Mama Cherehani alikuwa amefumba macho, anasikiliza tu: taa zile zilikuwa na mlio, na baada ya kila mlio alisikia ta, papo hapo, bila pengo la kupitisha uzi. Mara moja tu hakusikia.

"Kumi na moja," msimamizi alisema. Akaandika. Akabadilisha kalamu, akaandika tena, kama kalamu ya kwanza ilikuwa inamdanganya. "Hao wanaocheka pale, mmoja wao ana tisa."

Kicheko kingine kilitoka, cha mtu mmoja tu. Yule mwingine alikuwa anamwaga chai yake.

"Sasa sikiliza," msimamizi akaendelea, na hapo hakumtazama Dereva machoni. "Trela nimeshampa mtu. Jana mchana, baada ya simu yako. Ametia sahihi, siwezi kumnyang'anya. Gari lililobaki bila dereva ni moja." Akaonyesha kwa kalamu.

Lilikuwa limeegeshwa peke yake mwisho wa yadi, mbali na mengine, kama mgonjwa wa kuambukiza. Tangi la kijani mgongoni, bomba nene limeviringishwa pembeni, na inzi wamelizunguka wakiwa kazini kabla ya mtu yeyote. Gari la kunyonya maji taka.

Miaka kumi na tisa Dereva alikuwa mtu wa trela, anavuka mipaka, anapigiwa saluti na watoto barabarani. Mama Cherehani alijizuia kumshika, kwa sababu wale wawili walikuwa wanatazama.

"Gia ngapi?" Dereva aliuliza.

"Sita."

"Funguo."

Alipanda kwa mguu wa kulia, akajivuta. Mama Cherehani akaenda mpaka chini ya dirisha, akainua uso.

"Utanuka, Baba watoto."

"Nitanuka mshahara."

"Ukirudi jioni, nguo unavulia uani."

"Na majirani?"

"Watakuona tu. Walikuona miezi sita na shuka kiunoni, hawakufa."

Injini ikawaka. Mkono wa kushoto ukashika gia, ukasukuma. Gia ikasaga meno, mlio mbaya, na madereva wote kwenye yadi wakageuka. Ukasukuma tena, taratibu, na safari hii ikaingia. Gari likarudi nyuma katikati ya mapipa mawili ya kupimia bila kuligusa hata moja, likageuza, likatoka getini na kupita kituo cha basi, na watu wote kituoni wakaziba pua na kugeuza nyuso, mmoja akalaani ukoo mzima wa dereva.

Mama Cherehani hakuziba. Alisimama getini, mkono juu, anapunga, akitabasamu kwa meno yote. Alisubiri mpaka gari likate kona na mumewe asiweze kumwona kwenye kioo, ndipo akaikamata pua yake kwa mikono miwili.